Mlio wa Chini ya Gari: Usikilize Kabla Hujafungua Nati

Ndugu zangu madereva, nanyi mafundi mliofunga kazi mapema leo, karibuni.

Magari yetu ya Mtwara yanakula mchanga wa njia za mashambani na chumvi ya hewa ya baharini. Mchanga unaingia kwenye raba za viungo vya chini, chumvi inaleta kutu. Ndiyo maana gari lililotoka kubeba korosho Tandahimba, kila tuta linalia kwi-kwi. Lakini kinachotuumiza zaidi ni kopo la oili chafu. Fundi analala chini, anamwagia oili kila kiungo. Mlio unanyamaza siku mbili tatu, raba inavimba, inalainika, inachanika, na kilichokuwa kinalia hakijulikani tena.

Kabla ya kushika spana, uliza: linalia lini?

Zima injini, gari likae pahala tambarare. Mmoja alikandamize pembe moja moja, juu ya kila tairi, mara tano sita. Likilia hapo, tafuta kwenye bushi (zile raba za viungo) za stabilaiza (fimbo ya chuma inayozuia gari kulalia upande kwenye kona), bushi za amu (mikono ya chuma inayoshika tairi), shokapu na springi. Mwenzake achukue kipande cha mpira wa maji, kama mita moja, ncha moja sikioni, ya pili aipitishe karibu na kila bushi. Unayoishuku inyunyizie maji ya kawaida, hiyo peke yake, kisha gari likandamizwe tena. Mlio ukikatika, halafu ukarudi maji yakikauka, umeipata. Usipokatika, nenda bushi inayofuata. Maji hayadhuru raba.

Za stabilaiza ndizo zinazolia sana, tena ndizo nafuu. Ukizifungua ukakuta mchanga tu na raba nzima, osha kwa maji na sabuni, kausha, paka grisi ya silikoni, rudisha. Tundu likiwa limepanuka hata chuma kinacheza ndani, badilisha zote mbili, kulia na kushoto.

Pengine linalia ukikata usukani gari limesimama. Mmoja akate taratibu, mwingine aweke kiganja karibu na boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoacha tairi likate. Iliyokauka utaihisi mkononi, inakwaruza kama mchanga unaosagwa. Mpira unaoifunika ukiwa umepasuka, usiipake grisi ukaondoka, maana mchanga umeshaingia. Badilisha. Ikichomoka, tairi linalala na usukani haukusikii tena.

Mlio wa chwi-chwi unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, huo ni wa vitu vinavyozunguka. Kanyaga breki kidogo tu. Ukibadilika, fungua tairi: pedi nyingi zina kibati kinachogusa diski zikibaki kama milimita 2 au 3, au kuna kijiwe kimekwama kwenye bati la kukinga diski. Usipobadilika, na gari lina propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma), kagua krosi, kiungo chake chenye umbo la msalaba. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake una maana grisi imekwisha na beringi inasagika. Gari hilo lisipande Newala kabla krosi haijabadilishwa.

Ukiingia chini, usiamini jeki peke yake. Weka stendi, weka kabari, na kwenye mchanga wetu tandika ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Sasa mafundi, hili ni lenu. Bushi mpya ya amu msiikaze moja kwa moja tairi zikiwa zinaning'inia. Raba yake imegandishwa kwenye chuma, ndani na nje. Ukikaza amu ikiwa imeshuka, gari likitua raba inajinyonga, na inabaki imenyongwa hivyo siku zote. Italia, itachanika mapema, na mteja atarudi akisema umemfungia bushi feki. Fungia nati kwa mkono tu bila kukaza, shusha gari, lisukume mbele na nyuma hatua chache likae sawa, ndipo ukaze. Spana isipofika chini, inua amu kwa jeki mpaka kimo chake cha kawaida, ukaze hapo.