Kurudi Salama Si Kupona

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Hapa Arusha hakuna fundi asiyeijua gari iliyotoka Serengeti. Inaingia gereji Unga Limited usiku, vumbi limejaa hadi kwenye filta, na alfajiri wageni wengine wanaisubiri. Tajiri anauliza neno moja: "Itatoka?"

Mafundi wa Space Shuttle, vyombo vya Marekani vilivyobeba watu kwenda angani na kurudi, waliulizwa hivyo miaka thelathini, tangu 1981 hadi 2011, safari 135. Chombo kikitua kilivutwa bandani kule Florida kikae wiki nyingi, mara nyingi miezi. Walipowahi kuliko wakati wowote ilikuwa 1985: chombo kimoja, Atlantis, kiliruka Oktoba 3, kikaruka tena Novemba 26. Siku 54.

Muda mwingi uliliwa na vigae. Tumbo lote la chombo na sehemu zake nyingine zilivikwa vigae vya kuzuia joto kali la kurudi kwenye hewa ya dunia, zaidi ya 20,000, kila kimoja na umbo lake na namba yake. Ni nyuzi laini mno za kioo, na karibu chote ni hewa tupu. Ndiyo maana ni chepesi ajabu. Lakini hicho hicho hunywa maji ya mvua kama sifongo. Basi kila chombo kilipotoka angani, fundi alipita na bomba lake kupenyeza dawa ya kuzuia maji, kigae kimoja baada ya kingine. Kilichobandikwa upya kilivutwa kwanza kupimwa, maana gundi isiyoshika haionekani kwa macho. Mimi kazi hiyo naiheshimu sana.

Siku hizi sehemu za chini za roketi za Falcon 9, za kampuni ya SpaceX, hutua zenyewe, na zipo zilizorushwa zaidi ya mara 20. Tofauti ni kwamba sehemu inayorudi haifiki kwenye mzingo, njia ya kuizunguka dunia, kwa hiyo haipati joto kama lile.

Sasa sikilizeni hili. Povu lililofunika tangi la nje la mafuta la Space Shuttle lilikuwa likibanduka safari nyingi na kugonga chombo, nacho kinarudi. Wakazoea, likawa jambo la kutengeneza tu bandani. Januari 2003 pande moja likagonga ukingo wa bawa la kushoto la chombo kingine, Columbia. Februari 1, wakati wa kurudi, joto likapenya hapo, chombo kikasambaratika, watu saba wakafa.

Nami niliwahi kuzoea. Gari moja ilirudi mara tatu na mlio ule ule wa nyuma. Nikakaza nati, nikaandika "sawa", kwa kuwa ilirudi. Safari ya nne springi ikakatika, wageni wakalala porini. Hakuna aliyeumia, lakini sijasahau.

Springi yenyewe ni hii mezani. Jani la pili lina ufa mwingine, haujafika mwisho. Pitishianeni, mpapase kwa ukucha, kila mmoja aweke alama ya chaki anapouhisi.