Boti yako ya kwanza kwenye Ziwa Kivu: kabla hujawasha moteri

Jambo yenu wote! Leo tuko Goma, upande wa Himbi, juu ya haya mawe ya volkano. Boti mnayoiona nyuma yangu ni yangu: ya mbao, mita 6, moteri ya nguvu za farasi 15. Video hii ni ya wewe uliyenunua boti juzi, ukaipaka rangi, ukaipa jina zuri, na sasa familia nzima inauliza tunaenda kisiwa cha Idjwi lini. Usiwajibu kwanza. Sogea hapa.

Angalia huu mstari mwekundu ubavuni. Si urembo. Siku nilipoitoa boti kwa fundi niliiweka majini asubuhi, ziwa likiwa limetulia, nikapakia watu na mizigo kidogo kidogo huku nikipima kwa mkono kutoka kwenye maji hadi ukingoni. Zilipobaki shibiri mbili nikasema basi. Pale maji yalipofika tukaweka alama, tukashusha kila kitu, tukapiga rangi. Fanya hivyo pande zote mbili. Mstari ukimezwa na maji, kuna mtu anashuka, au mzigo wake. Na mizigo uihesabu kama watu: mifuko 2 ya simenti ni kilo 100, huyo ni baba pamoja na mtoto wake. Mzigo unakaa chini, katikati, na hakuna anayepanda juu ya magunia.

Kupiga rangi ni rahisi. Kazi iko siku shemeji yako atakapofika na mbuzi. Wangu alifika na mbuzi 2, magunia ya mihogo, na rafiki yake ambaye hakuna aliyemwalika. "Shemeji, si ni hapa karibu tu?" Nilimwonyesha rangi: si mimi ninayekataa, shemeji, ni huu mstari. Alininunia wiki nzima. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho yao, na ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwaka 2019, mwezi wa Aprili, nyingine ilizama upande wa Kalehe. "Hapa karibu tu" ndiyo sentensi ninayoiogopa kuliko upepo. Kukataa kunafanyika huku ufukweni; mkishaingia ndani hakuna wa kumshusha.

Sasa jile, yaani koti la kuokolea maisha majini. Kila kichwa jile moja, na mtoto apate ya mtoto. Njoo, mdogo wangu, ivae. Funga mikanda yote. Mimi namshika hapa mabegani, navuta juu kwa nguvu. Mnaona? Imebaki chini ya kidevu. Ingepanda hadi masikioni, basi ni kubwa, na ndani ya maji atachomoka kama samaki mkononi. Za watoto zitafutwe zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kisha minya: sponji ikisagika kama mkate mkavu, tupa. Na jile iliyofungwa kwa kamba chini ya benchi ni mto wa kukalia. Inavaliwa kabla ya kusukuma boti, inavuliwa mkishafunga kamba.

Vingine nitavitaja haraka: makasia 2 hata kama moteri ni mpya, ndoo ya kukumbia maji, nanga na kamba yake, filimbi, tochi, simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Nanga itumie karibu na nchi kavu tu. Ziwa hili katikati linafika karibu mita 480 kwenda chini, hutashika kitu.

Makaratasi ya boti na yako uyamalize bandarini kabla ya safari ya kwanza. Orodha ya abiria andika nakala 2, moja ibaki kwa mtu wa nchi kavu anayejua utarudi saa ngapi. Na kumbuka mpaka wa Rwanda haukuchorwa juu ya maji. Kutoka Goma uko karibu sana, na moteri ikizima upepo haukuulizi pasipoti.

Tuje kwenye moteri. Hii inachanganyiwa mafuta ya kulainisha ndani ya esansi, yaani petroli. Soma kibati cha moteri yako; nyingi za aina hii zinataka sehemu 1 ya mafuta kwa 50 za esansi, maana yake bidoni, dumu la esansi, ya lita 20 inapata mililita 400. Ikiwa mpya kabisa, kitabu chake kitakwambia uongeze mafuta saa za mwanzo. Halafu usishangae ukiona farasi zako 15 hazivuti kama kule baharini. Tuko mita 1,460 juu, hewa ni nyepesi, moteri inapoteza karibu sehemu moja kati ya saba za nguvu zake. Ukilemewa, muulize fundi kuhusu propela ndogo kidogo kabla ya kukimbilia kununua moteri kubwa.

Kamera isogee hapa, juu ya mfuniko wa bidoni. Mnaona hii skrubu ndogo? Ni ya hewa. Safari yangu ya tatu niliisahau ikiwa imefungwa. Moteri iliwaka vizuri, ikaimba kama dakika 10, ikakohoa, ikanyamaza. Nikavuta kamba hadi bega likauma. Nikabadilisha plagi. Nikamtukana aliyeniuzia esansi, Mungu anisamehe. Mzee mmoja mvuvi akaja na mtumbwi wake, akaangalia hii pampu ya mpira ilivyokuwa bapa kama chapati, akanyoosha vidole viwili, akafungua skrubu. Bidoni ikavuta pumzi, fyuuu. Hakusema neno, akaondoka. Basi: skrubu wazi, minya pampu hadi iwe ngumu, gia katikati, kamba nyekundu ya kuzima moteri ifungwe mkononi mwako, ndipo uvute. Ukianguka, kamba inachomoka na moteri inazima. Bila hiyo, boti isiyo na mtu inazunguka na kukurudia wewe mwenyewe.

Hali ya hewa. Juni hadi Agosti upepo wa kusini unasimamisha mawimbi. Majira ya mvua kuna radi, na huku mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Mimi natoka alfajiri, na wingu jeusi likianza kushuka mlimani nageuka, hata kama sherehe inanisubiri.

Mkiwa majini: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja anakata kulia. Anayetokea kuliani kwako anapita kwanza, wewe unapunguza na kupita nyuma yake. Anayempita mwenzake ndiye anayejihadhari. Mwenye kasia au tanga anapishwa na mwenye moteri. Usiku taa nyekundu iko kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, ila wewe mgeni usiku kaa nyumbani.

Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nawaombea heshima ya pekee. Mitumbwi 3 imeunganishwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, wavu uko chini, taa inawaita samaki. Zunguka mbali, usikate kati ya taa moja na nyingine, na punguza mbio mapema, maana wimbi lako linafika kwao wewe ukiwa umeshapita. Salimia. Siku moteri ikinyamaza, ni hao watakaokuja. Mimi najua.

Boti ikipinduka, shikilieni boti. Nchi kavu inaonekana karibu kuliko ilivyo, anayeogelea peke yake anaishiwa nguvu, na boti ya mbao inaelea hata chini ikiwa juu.

Kurudi sasa. Punguza mapema, elekea upepo, na uwakalishe watu wote, kwa sababu hapa ndipo wanaposimama wote upande mmoja kupunga mikono. Moteri iinuliwe kabla ya mawe. Volkano inakula propela na kukata kamba, ndiyo maana hapa kwenye jiwe nimezungusha kipande cha tairi. Na ukishusha watu alfajiri sehemu usiyoijua, usiwaweke ndani ya shimo la ufukweni. Mazuku inakaa humo, ni gesi nzito isiyo na rangi, na mtoto aliye mfupi anaivuta kabla yako. Ukiona wadudu au ndege waliokufa humo, pandeni juu mara moja.

Mwisho navuta boti juu, nafunga skrubu ya hewa, nafungua kizibo cha chini maji yatoke. Kizibo hiki nakining'iniza pamoja na ufunguo wa kufuli ya mnyororo wa boti, nisisahau kukirudisha. Kesho siwezi kufungua mnyororo bila kukishika mkononi.