Rufaa Huanzia kwa Hakimu wa Kwanza

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliosimama nyuma. Nitasema lile lile ninalolisema kila nikialikwa hapa Amu, kisiwani Lamu: rufaa haiokoi kesi iliyoendeshwa ovyo tangu mwanzo. Mtu akishindwa kwa hakimu utamsikia, "Tutaonana Malindi!", yaani kwa jaji wa mahakama ya juu. Utaonana nao ukiwa na nini mkononi?

Kuna mzee mmoja, shamba lake ni la kununua. Karatasi ya mauziano alikuwa nayo, ina alama ya kidole gumba cha muuzaji na majina ya mashahidi wawili. Akaiacha sandukuni, kwa kuwa watu wa barazani walimwambia ushahidi mzito huwekewa jaji mkubwa. Hakimu akamuuliza, una kielelezo? Akasema hana. Akashindwa. Mbele ya jaji ndipo akaitoa, imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Jaji akauliza swali moja: hii ilikuwa wapi? Ushahidi mpya kwenye rufaa hupokelewa kwa ruhusa tu, na lazima ueleze kilichokuzuia kuuleta mapema. Kusema ulikuwa sandukuni mwako si maelezo. Mzee wa watu akatoka pale analia, na haki yake ilikuwa mfukoni.

Najua yupo anayejiuliza, basi jaji wa rufaa ana kazi gani? Kwenye rufaa ya kwanza hupima upya ushahidi wote, lakini yeye hakuwaona mashahidi wala hakuwasikia. Anasoma mwenendo wa kesi ulioandikwa kule chini. Ukipinga jambo, hakikisha pingamizi lako limeandikwa. Rufaa ya pili huwa ni hoja za sheria tu. Habari za nani alipanda minazi ile hazisikilizwi tena.

Na msiniambie wanyonge hawashindi. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku kwetu Lamu, megawati 1,050, ilitolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwaka 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likaifuta. Mnadhani ni kelele zetu? Ni tarehe! Mikutano iliyoitwa ya wananchi ilifanyika kabla ripoti ya athari haijatoka, na ilipotoka, watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijibu. Hayo yaliwekwa kwenye kumbukumbu tangu siku za mwanzo, karatasi kwa karatasi. Kampuni ikakata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, na Oktoba 2025 ikashindwa. Kilichofungwa vizuri chini, juu hakikufunguka.

Muda unakwisha, niseme haraka. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, kesi ya madai ni siku 30, ya jinai siku 14. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa iliyo juu yake, notisi ya kukata rufaa huwekwa ndani ya siku 14. Hukumu ya kadhi nayo hukatiwa rufaa Mahakama Kuu. Tena kukata rufaa peke yake hakuzuii hukumu kutekelezwa: omba zuio mapema, na ujiandae kuambiwa uweke dhamana. Habari ya kuomba mahakama iliyokuhukumu ipitie upya uamuzi wake, hiyo tuiache siku nyingine.

Mwenye hukumu ya mwezi huu asiondoke. Aje hapa mbele na karatasi yake, tutazame tarehe kabla ya adhana.