Makala Ngapi, Profesa?

Ahsante, Mwenyekiti. Nimepewa dakika arobaini, na wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, maana wanajua zitaishia kwenye jambo la kwanza. Basi tuvumiliane.

Karatasi mliyopewa mlangoni inasema nitazungumzia mchango wa kitaaluma wa Profesa Bongani Mayosi katika tiba ya moyo. Nitauzungumzia. Lakini wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha kwenye korido akaniuliza: "Prof, huyo Mayosi alikuwa na makala ngapi?" Ngapi! Hakuuliza zilihusu nini, wala nani alinufaika. Utadhani yuko sokoni anaulizia nyanya, fungu shilingi ngapi.

Simlaumu sana. Sisi wakubwa ndio tuliomfundisha. Nimekaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo miaka mingi. Fomu ina safu ya idadi ya makala, safu ya jarida, safu ya nafasi ya jina lako kwenye orodha ya waandishi, halafu alama. Niliwahi kupendekeza iongezwe safu moja: je, kuna daktari popote aliyebadilisha anachoandika kwenye faili la mgonjwa baada ya kusoma makala hii? Kumbukumbu za kikao zinasema "wazo limepokelewa." Mnajua maana yake.

Siku hizi tumeongezewa na faharasa ya h. Aliipendekeza mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Ukiwa na h ya 20, maana yake una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa na wengine mara 20 au zaidi. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni letu, tulioichukua tukaanza kumpimia mtu mzima-mzima, kama gunia kwenye mizani.

Wasifu wa Mayosi siwasomei, mnao mikononi. Nawaomba mshike mambo mawili tu. Alizaliwa Mthatha, Afrika Kusini, Januari 1967. Desemba ya mwaka huohuo Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu pale Groote Schuur, Cape Town, na dunia nzima ikaijua hospitali ile kwa moyo mmoja uliohamishwa kutoka kifua kimoja kwenda kingine. Mwaka 2006 Mayosi akawa mkuu wa Idara ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, idara ambayo wodi zake ziko hapohapo Groote Schuur. Na ugonjwa alioung'ang'ania haukuwa wa kuita waandishi wa habari. Ulikuwa kifua kikuu (TB) cha mfuko wa moyo, ile ngozi inayouzunguka moyo.

Hapa ndipo dakika zangu zitakapoishia.

Nilipokuwa interni, yaani daktari wa mafunzo, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulipokea mgonjwa mishipa ya shingo imemvimba, tumbo limejaa, anapumua akiwa amekaa kwa sababu akilala anahisi kuzama. Maji yalikuwa yamejaa kati ya moyo na mfuko wake, moyo haupati nafasi ya kutanuka. Tukayavuta kwa sindano, tukamwanzishia dawa za TB. Daktari wangu mkubwa akasema: "Ongeza prednisoloni," ile dawa ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe wa ndani. Nikauliza kwa nini. "Inazuia mfuko usikakamae ukaubana moyo baadaye." Nikauliza tena, kwa unyenyekevu wote wa interni: tunajuaje? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini tunanawa mikono. "Andika, twende kitanda kinachofuata."

Nikaandika. Nikaendelea kuandika kwa miaka. Wangapi hapa mliandika? Inueni mikono bila aibu. Naona hata Mwenyekiti.

Sasa, tulikuwa tunajuaje? Sehemu kubwa ya tulichokijua ilitoka kwenye majaribio mawili yaliyofanyika Transkei miaka ya 1980, yenye wagonjwa 143 na 240. Transkei, ndugu zangu, lile eneo la Afrika Kusini lenye Mthatha ndani yake, ni kwao Mayosi. Matokeo yalitia moyo, lakini yalikuwa ya wakati kabla VVU havijajaa wodini. Mayosi na wenzake walipokusanya kila jaribio lililowahi kufanyika kuhusu matibabu ya ugonjwa huu, mapitio yao ya mwaka 2002 yalipata majaribio manne. Dunia nzima, manne! Washiriki wote 469. Jaribio la prednisoloni kwa watu wenye VVU lilikuwa moja, la Zimbabwe, la wagonjwa 58.

Wagonjwa hamsini na wanane. Na sisi tuliandika prednisoloni kutoka Cape Town hadi Khartoum kana kwamba imeshuka na wahyi.

Makala ile ukiipeleka kwenye kamati yetu, mjumbe mmoja atasema: hii ni mapitio tu, hakufanya utafiti wake mwenyewe, mpeni nusu alama. Lakini ilisema neno ambalo madaktari tunaona aibu kulisema mbele ya mgonjwa: hatujui. Na aliyelisema hakuondoka kwenda kutafuta mada nyingine yenye majarida mazuri zaidi. Alibaki nalo.

Alibaki nalo miaka kumi na miwili. Jaribio lililoitwa IMPI liliandikisha wagonjwa 1,400 katika hospitali 19 za nchi 8 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Theluthi mbili walikuwa na VVU. Nusu walipewa prednisoloni kwa wiki sita, nusu vidonge vinavyofanana nayo visivyo na dawa ndani. Wengi wao pia waliingia kwenye swali la pili, la sindano za bakteria waliouawa za kuamsha kinga. Zile sindano hazikusaidia, nazipita. Nataka prednisoloni.

Waliokufa, au kujaa maji tena hadi kuvutwa kwa sindano, au kupata moyo uliobanwa: waliotumia prednisoloni asilimia 23.8, wasiotumia asilimia 24.5. Hakuna tofauti ya maana. Ikatoka kwenye New England Journal of Medicine, jarida la Boston, mwaka 2014.

Najua atatokea mtu aseme: basi jaribio lilishindwa. Nimeshaisikia sentensi hiyo kwenye kikao rasmi, ikisemwa na mtu mwenye joho. Lilishindwa nini? Dawa ndiyo iliyoshindwa, jaribio limefanya kazi yake. Tena soma hadi chini, usiishie kwenye muhtasari kama mlivyozoea. Moyo kubanwa ulipungua kweli, kutoka asilimia 7.8 hadi 4.4, na kulazwa tena hospitali nako kukapungua. Kwa hiyo yule mkubwa wangu hakuwa mjinga, aliona kitu cha kweli. Lakini soma tena chini zaidi: saratani ziliongezeka, kutoka asilimia 0.6 hadi 1.8, zile saratani zinazoandamana na VVU. Ukiwa na mgonjwa asiye na VVU, ambaye upasuaji wa mfuko wa moyo uko mbali naye kama mwezi, unaweza kufikiria prednisoloni. Ukiwa na mwenye VVU, unashika mkono wako. Na ndivyo mwongozo wa Ulaya wa magonjwa ya mfuko wa moyo ulivyoandika mwaka 2015, mwaka mmoja tu baadaye: kwa wasio na VVU yaweza kufikiriwa, kwa wenye VVU iepukwe. Fikirini, Wazungu wanaongozwa namna ya kutibu na wagonjwa waliolala Mthatha, Kampala na Harare.

Kipime hicho kwa faharasa ya h. Kitakupa makala moja. Inaongeza moja, sawasawa na makala ya mtu aliyepima presha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza kisha akazigawa makala tatu, wavulana, wasichana na wote.

Msicheke, mpo humu.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua kabla halijatamkwa: "Prof, unaponda mizani ya wakubwa, halafu unamsifu mtu kwa kuchapishwa kwenye jarida la Boston." Swali zuri. Nikujibu kwa mwaka 1948. J. N. P. Davies, mpatholojia wa Kampala, alieleza ugonjwa ambao ndani ya moyo hugeuka kovu gumu, wa watoto na vijana wa ukanda wetu wa joto. Alichapisha wapi? East African Medical Journal, hapo Nairobi. Hadi leo anayeandika juu ya ugonjwa huo, awe Maputo au Kerala, hurudi kwenye makala ile. Nimewahi kuona jarida hilohilo likipewa alama pungufu kwenye fomu ya mwombaji kwa sababu ni "la ndani." Kwa hiyo sisemi Boston, sisemi Nairobi. Nasema fungueni makala msome. Kazi ya kusoma ndiyo tunayoikwepa kwa kujificha nyuma ya namba.

Na wewe uliye karibu na dirisha utasema Mayosi mwenyewe alikuwa na makala mamia. Kweli, alikuwa nazo. Sijasema wingi ni dhambi. Nasema ukizisoma unaona shanga zimetungwa kwenye uzi. Kwa wengi wetu shanga ni nyingi, uzi haupo.

Dakika ngapi, Mwenyekiti? Kumi? Haya, nakimbia.

Moyo wa rumatiki. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, homa inakuja, vali za moyo, ile milango yake ya damu, zinaharibika. Mayosi na wenzake waliandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen, utafiti wa REMEDY. Umri wa kati ulikuwa miaka 28. Baada ya miaka miwili asilimia 16.9 walikuwa wamekufa. Katika wanawake wa umri wa kuzaa, waliokuwa wanatumia uzazi wa mpango ni asilimia 3.6, na mnajua mimba inavyoweza kuuelemea moyo wenye vali mbovu. Waliokuwa wanameza dawa za kuzuia damu kuganda, ni asilimia 28.3 tu kipimo chao cha damu kilikuwa mahali panapotakiwa. Hizo namba zilitoka kwenye karatasi zikaingia kwenye vikao. Mwaka 2015 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika walipitisha tamko la Addis Ababa kuhusu ugonjwa huu, na Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio. Hapo ningewaambia siasa zake, maana zina utamu wake, lakini saa hainiruhusu.

Kisha kuna kasoro ya jeni ya CDH2, ambayo Mayosi na wenzake waliieleza mwaka 2017 katika familia moja ya Afrika Kusini iliyokuwa ikipoteza vijana kwa moyo kusimama ghafla. Hiyo naiacha kabisa, nitawapa siku nyingine mkinialika. Hamtanialika.

Mayosi alifariki Julai 2018, akiwa na miaka 51, miezi miwili baada ya azimio lile. Sitasema zaidi juu ya hilo leo.

Ila kuna kitu kimoja nilikitafuta jana usiku kwa ajili ya kijana wa kwenye korido. Mwaka 2003 ilitoka makala kuhusu dawa za jamii ya prednisoloni na TB ya mfuko wa moyo. Jina la kwanza ni Mpiko Ntsekhe, daktari wa moyo wa Cape Town, la mwisho ni Mayosi. Mwaka 2014, IMPI: la kwanza Mayosi, la pili Ntsekhe. Mwaka 2022, Mayosi hayupo tena miaka minne, likatoka jaribio la INVICTUS, la wagonjwa wa moyo wa rumatiki zaidi ya 4,500 wenye mapigo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24. Swali ni lilelile la dawa za kuzuia damu kuganda. Wengi tulitarajia dawa mpya isiyohitaji kupima damu kila mara ifanye vizuri angalau sawa na warfarini, dawa ya zamani, na jamii yake. Warfarini ilishinda, na waliokuwa kwenye jamii hiyo walikufa wachache zaidi. Pitieni waandishi. Ntsekhe yumo.

Kijana wangu, nimekuona, umekaa safu ya tatu. Ile fomu ya kupanda cheo, kazi ya namna hiyo, inayoendelezwa na wenzako hata ukiwa haupo, ungeiandika kwenye safu gani?

Mwenyekiti, kipaza sauti mpe yule mwenye mkono wa nyuma. Amesubiri sana.