Faili Zilizofichwa Hanslope Park

Mabibi na mabwana, nianze na herufi moja: W. Mwaka 1961 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliagiza kwamba faili zinazoweza kuiaibisha serikali yake, au kuwafichua watoa habari, zisikabidhiwe kwa serikali za uhuru. Faili hizo zikapigwa muhuri wa W, yaani “Watch”, na wa kuzishika akawa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Za kuchomwa zilichomwa, na agizo likataka hata majivu yapondwepondwe. Za kutoswa zitoswe kwenye maji ya kina yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Zilizosalia zikasafirishwa hadi Uingereza.

Kenya iliziomba tangu 1967, ikanyimwa. Ni 2011, wazee walioteswa kambini wakati wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ikakiri kuwa Hanslope Park, kituo chake cha siri nje ya London, kuna faili zipatazo 8,800 za makoloni 37. Za Kenya peke yake zilikaribia 1,500. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamikaji 5,228.

Sheria haikukosekana. Tangu 1967 ukomo wa siri Uingereza ulikuwa miaka 30. Kilichokosekana ni orodha. Faili isiyoandikwa popote huwezi kuiomba, wala kukata rufaa ukinyimwa. Ndiyo maana nasema orodha iwe wazi hata pale yaliyomo yamefungwa: namba, mwaka, idara, na tarehe ya kupitiwa tena.

Mpitiaji hodari hafungi faili nzima, anafunga mstari. Jina la mtoa habari ambaye wajukuu wake wangali kijijini lifunikwe. Amri ya afisa aliyeruhusu kipigo ibaki. Makosa ni yaleyale: mtu anabandika kiboksi cheusi juu ya maneno kwenye kompyuta, msomaji ananakili na kubandika kwingine, jina hilo hapo. Au nakala mbili za barua moja zinapitiwa na watu wawili, kila mmoja akafunika sehemu yake. Ukiziweka pamoja, barua imekamilika.

Sheria ya Kenya ya 2016 ya kupata taarifa imegeuza mzigo: taarifa iliyokaa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa ya wazi, ofisi ndiyo ithibitishe vinginevyo. Jibu ndani ya siku 21, au saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Ila faili za W haziwezi kuombwa Nairobi. Ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa faili uitwao FCO 141, na anayetoka Nyeri kwenda kuzisoma huanza na viza.