Mikono Niweke Wapi? Shangazi na Mpwa Wazungumzia Picha za Harusi

MPWA: Haya, karibuni tena kwenye kipindi. Niko na shangazi yangu kama kawaida. Yeye anapiga picha za harusi tangu mimi sijaanza shule, na mimi kazi yangu ni kumchokoza. Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Leo umekuja na bahasha, nakuona.

MPWA: Nimekuja na ushahidi. Hizi ni picha za harusi yangu. Angalia hii. Tumesimama chini ya mti, mume wangu kakutanisha mikono hapa mbele, utadhani beki yuko kwenye ukuta anasubiri faulo ipigwe.

SHANGAZI: (Anacheka) Maskini mkwe wangu.

MPWA: Na mimi pembeni nimetabasamu mpaka mishipa ya shingo imetoka. Siku yenyewe nilikuwa na furaha kweli! Sasa hii sura ya nani?

SHANGAZI: Mpiga picha aliwaambia nini kabla hajabonyeza?

MPWA: Alisema, "Kaeni kawaida."

SHANGAZI: Basi kesi imeisha. Mwambie mtu akae kawaida, papo hapo anasahau mikono yake huwa inakaa wapi siku zote. Ukiwa unafunga kamba za viatu, unajiuliza kiwiko kimekaaje?

MPWA: Hata sikumbuki kama nina kiwiko.

SHANGAZI: Ndiyo hivyo. Mwili ukiwa na shughuli, unajipanga wenyewe. Ukiuambia usimame tu utazamwe, unaganda. Ndiyo maana mimi maharusi siwapi pozi, nawapa kazi.

MPWA: Kazi siku ya harusi, shangazi!

SHANGAZI: Vijikazi. Bwana harusi, funga hicho kifungo cha mkono wa shati. Fungua, funga tena. Bibi harusi, mnyooshee kola. Au nawaambia waje kwangu wakitembea, taratibu kuliko walivyozoea, mabega yakigusana, na kamera wasiiangalie kabisa. Njiani mmoja amuulize mwenzake, "Unadhani nani leo atacheza mpaka aondolewe ukumbini?" Wakishacheka, watu wengi wanafikiri hapo ndipo napiga. Hapana, nasubiri. Kicheko kikianza kuzimika, na bado wanaangaliana, picha iko pale.

MPWA: Lakini wengine wanahesabu tu, moja, mbili, tatu, tabasamu!

SHANGAZI: Na wanapata mdomo bila macho. Kulikuwa na daktari Mfaransa, Duchenne, ambaye alikuwa akigusisha umeme kwenye misuli ya uso na kupiga picha kinachotokea. Alichapisha matokeo yake mwaka 1862. Aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo unatii amri, ila ule unaozunguka jicho husubiri furaha yenyewe. Kwa hiyo mtu akiniletea tabasamu la amri, namwambia afumbe macho, ashushe pumzi yote, amfikirie mtu fulani anayemchekesha. Nikisema sasa, afumbue. Sekunde ile ya kwanza ndiyo yangu. Ya tatu imeshaharibika, keshaanza kuigiza.

MPWA: Kwani mimi mbona najiona mzuri kwenye kioo, nikija kwenye picha nimepinda?

SHANGAZI: Kwa sababu kioo kinakugeuza. Upande wa kushoto unabaki kushoto, na hiyo ndiyo sura uliyoizoea tangu utoto. Kamera inakuonyesha kama sisi tunavyokuona. Kuna utafiti ulifanyika Marekani mwaka 1977, watu wakaonyeshwa picha zao za aina mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe wengi walipendelea ile ya kioo, rafiki zao wakapendelea ile nyingine.

MPWA: Kumbe ninayechukia picha ni mimi tu!

SHANGAZI: Wewe tu. Ndiyo maana sipendi maharusi waje kuchungulia kamera yangu kila baada ya picha mbili. Wakishajiona, wanaanza kujirekebisha, na nimewapoteza kwa nusu saa. Hebu simama kidogo.

MPWA: Mimi? Wasikilizaji hawatuoni.

SHANGAZI: Watajaribu na wao huko waliko. Simama. Umeona, umegawa uzito miguu yote miwili kama meza. Egemea mguu wa nyuma. Goti la mbele lilegee. Eeh. Sasa hiyo mikono umeibana ubavuni, inajitanua na kuonekana minene kuliko ilivyo. Iachie upenyo, mwanga upite kati ya mkono na kiuno.

MPWA: Hivi?

SHANGAZI: Hivyo. Sasa kidevu. Usikiinue, na usikirudishe nyuma. Kitoe mbele kama kobe anayechungulia, halafu ukishushe kidogo tu.

MPWA: Shangazi, najisikia mjinga.

SHANGAZI: Ukiwa pembeni unaonekana mjinga, nakubali. Nikiwa mbele yako, taya imechongeka na shingo imenyooka. Kitu kilicho karibu na lenzi kinakua, kilicho mbali kinapungua. Ukilaza kichwa na mabega nyuma, kinachonijia kwanza ni tumbo na kidevu.

MPWA: Na mikono ya mume wangu sasa? Maana hilo ndilo lililonileta.

SHANGAZI: Wanaume mikono inawatesa kweli. Mmoja autie mfukoni, kidole gumba kibaki nje, mkono usizame wote. Wa pili umshike mwenzake, na amshike kweli. Mara nyingi naona mkono umewekwa kiunoni mwa bibi harusi kama umesahaulika pale. Ashike kama anashika kifaranga, asiminye na asiachie. Vidole viachane kidogo.

MPWA: Na shada la maua? Mimi nililibeba hapa kifuani.

SHANGAZI: Ndiyo maana gauni lako silioni. Lishushe mpaka kwenye kitovu, mabega yatashuka nalo.

MPWA: Busu je? Tuna picha moja ya busu, naificha.

SHANGAZI: Mlibusu kama mnagonga mhuri! Midomo ikibanana, nyuso zote mbili zinakunjana. Sogeeni, mbakize upenyo wa kidole, halafu tulieni. Mapua yagusane, macho yafumbe. Napiga kabla hamjafika. Mkishafika, hayo ni yenu.

MPWA: Kuna wale wenye haya, akiona kamera tu jasho linamtoka.

SHANGAZI: Hao nawakimbia. Naweka lenzi ndefu ya kupigia kwa mbali, ya milimita 85, au 135 kama nafasi ipo, narudi nyuma hatua nyingi, nawaacha wapige soga zao. Wanaoteseka ni wale ambao mpiga picha amewasogelea mpaka wanasikia anavyohema. Na mpiga picha akikaa kimya, muulizeni mnatakiwa mfanye nini. Kimya chake ndicho kinachowagandisha, hamjui kama mnapatia au mnakosea.

MPWA: Na kufanya mazoezi mbele ya kioo?

SHANGAZI: Hapana, kioo kitakufundisha kujiangalia. Mkitaka mazoezi, tegesheni simu dirishani, mjirekodi video mkikunja shuka pamoja. Dakika tano. Halafu itazameni siku ya pili. Mtaona mnavyosimamaga mkiwa hamjui.

MPWA: Picha za ukoo wote je? Watu hamsini, kila picha kuna aliyefumba macho.

SHANGAZI: Wote wafumbe, wafumbue nikifika tatu. Na nipige nyingi. Mengine ni bahati.

MPWA: (Mlango unagongwa) Samahani wasikilizaji. Ni mume wangu, kaja kunichukua. Shangazi, geuka pole pole umwangalie pale mlangoni. Mkono mmoja mfukoni.

SHANGAZI: Kidole gumba?

MPWA: Kiko nje!

SHANGAZI: Usimwambie kitu. Nipe kamera yangu, iko hapo chini ya kiti.