Kinga inayojipiga: utumbo unahusikaje?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa chuo mliokaa sakafuni, poleni, viti vimekwisha. Waandaaji wameniomba nizungumze Kiswahili cha watu na nisichukue muda mrefu. La kwanza nitaliweza, la pili tutaona. (Kicheko.)

Nianze na vidole. Mama anayeanika dagaa pale Kibirizi, hapa hapa Kigoma, anaamka alfajiri, vidole vimekaza, ngumi haifungi. Inapita saa nzima, siku nyingine saa mbili, ndipo vinalegea. Ukivishika unaona vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, kulia kama kushoto, na vina joto. Nyumbani watasema ni upepo wa ziwani. Jirani atasema ametupiwa kitu. Duka la dawa watampa diklofenaki, dawa ya maumivu, atameza wiki kadhaa, tumbo litaanza kuwaka, ataacha. Miaka inakwenda, vidole vinapinda upande, na vikishapinda havirudi.

Hiyo ni baridi yabisi, na ziwa halina kosa. Seli nyeupe za huyu mama, zile zile zinazomlinda na kifua kikuu, zimeingia kwenye maungio na zinayala. Magonjwa ya namna hii ni mengi. Lupasi inashambulia ngozi, figo na damu. Kisukari aina ya kwanza ni kinga kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kila ugonjwa una kiungo chake, ila kosa ni moja: kinga imemwona mwenyeji kuwa mgeni.

Sasa, seli ya kinga inajifunzia wapi kumtambua mwenyeji? Darasa la kwanza liko kifuani, kwenye tezi ya thaimasi. Huko seli changa za T, aina mojawapo ya seli nyeupe, zinazoonyesha dalili za kuushambulia mwili huuawa mapema. Lakini mchujo huo unavuja, kila mmoja wetu hapa ukumbini ana seli za T zilizopenya. Hizo lazima zitulizwe huko huko mitaani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika tumboni, mbele ya bakteria.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanampa mtu mzima bakteria trilioni 38 hivi, na seli zake mwenyewe trilioni 30. Uzito wao wote haufiki robo kilo, na karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Kati yao na damu yako kuna nini? Safu moja ya seli. Moja tu! Juu yake kuna ute, na ndani ya ute kuna kingamwili aina ya IgA zinazowashika bakteria wasisogee. Chini ya safu hiyo ndipo seli za kinga zimejazana, na baadhi yake hunyoosha mikono kuchungulia kinachopita. Ni kama mgambo wa Soko la Mwanga: kazi yake si kumpiga kila anayepita. Akimpiga kila mchuuzi hakuna soko. Anatakiwa azijue sura, na ajue nani ameruka uzio.

Hapo ndipo ninapotofautiana na maneno yanayouzwa siku hizi ya bakteria wazuri na bakteria wabaya. Nitawapa mfano mmoja na nitakaa nao kidogo.

Kuna bakteria mrefu kama uzi anayejinata kwenye ukuta wa utumbo mwembamba wa panya. Mwaka 2009 maabara ya Dan Littman, New York, ilionyesha kwamba bakteria huyo peke yake anaamsha kundi la seli za T linaloitwa Th17. Seli hizi ni kali, zinatoa kemikali za kuita uvimbe, na uvimbe huo unamsaidia panya kufukuza vijidudu vinavyoleta kuhara. Mpaka hapo ni bakteria mzuri, sivyo? Mwaka uliofuata watafiti wakachukua panya wa ukoo unaougua maungio kwa kurithi. Walipowalea bila kijidudu hata kimoja mwilini, ugonjwa ukapungua sana. Wakawapa yule bakteria wa uzi, yeye tu, maungio yakavimba. Basi ni mbaya. Lakini mwaka 2011 ikaonekana kwamba panya wa ukoo mwingine, wanaopata kisukari cha kujishambulia, walikuwa salama zaidi wakiwa naye! Bakteria ni yule yule. Kilichobadilika ni jeni za panya na kiungo kilichokuwa hatarini. Kwa hiyo mtu akikuuzia kopo akakwambia humu mna bakteria wa kutibu kinga, muulize: kinga ya nani, na dhidi ya ugonjwa upi?

Upande wa pili wa Th17 kuna seli za T zinazotuliza wenzake. Nobeli ya tiba ya mwaka 2025 imekwenda kwa waliozifumbua: Shimon Sakaguchi wa Japani, na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Jeni inayoziongoza inaitwa FOXP3. Mtoto wa kiume akizaliwa jeni hiyo ikiwa imeharibika, anaanza kuharisha sana akiwa bado mchanga, ngozi inatoka ukurutu, na kisukari kinampata kabla hajajua kutembea. Tazameni kiungo kinachoumia kwanza: utumbo. Panapotakiwa utulivu mwingi kuliko mahali pengine ndipo moto unapowaka mapema.

Na bakteria wanaingia vipi hapa? Nyuzinyuzi za maharage, kisamvu na dona hatuzimeng'enyi sisi. Zinafika utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanazichachusha na kutoa asidi ndogo iitwayo butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama chakula. Zaidi ya hapo, majaribio ya mwaka 2013 kwa panya yalionyesha kwamba butireti inalegeza mahali jeni ya FOXP3 ilipofungwa, ikasomeka kwa urahisi, seli za kutuliza zikaongezeka.

Uzio ukivunjika ni habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walimfuatilia bakteria anayeitwa Enterococcus gallinarum. Tumboni ni mkazi wa kawaida tu. Katika panya wenye mwelekeo wa lupasi alikuwa anatoboa, anafika mpaka kwenye ini, na huko kinga inawaka na kuanza kutoa kingamwili dhidi ya vinasaba vya mwili wenyewe. Walipompiga kwa antibayotiki, au kumchanja panya dhidi yake, ugonjwa ukarudi nyuma. Halafu wakamtafuta kwenye vipande vya ini vya wagonjwa wa lupasi, watu kabisa, wakamkuta.

Kwa binadamu lakini twende polepole. Mwaka 2013 New York walipima kinyesi cha wagonjwa wapya wa baridi yabisi ambao hawajaanza dawa. Robo tatu yao walikuwa na bakteria aitwaye Prevotella copri. Kwa watu wenye afya ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Magazeti yakashangilia, mhalifu amepatikana. Sasa, mwaka uliofuata ikachapishwa kazi juu ya Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, na matumbo yao yana jamii ya Prevotella kwa wingi. Ingekuwa jamii yote hiyo ni sumu ya maungio, Wahadzabe wangewinda kwa magongo. (Kicheko.) Jina la ukoo halitoshi, ndani ya ukoo mmoja kuna tabia mbalimbali.

Tena kuna swali la nani alianza, na kwa hili majirani zetu wa Gombe wametusaidia. Tangu Jane Goodall aliposhuka pwani ile mwaka 1960, sokwe wa Gombe wanafuatiliwa mmoja mmoja, na kinyesi chao kimekuwa kikikusanywa mwaka hadi mwaka. Kazi isiyo na heshima machoni pa watu, lakini ina thamani kubwa. Baadhi ya sokwe hao wana kirusi cha SIV, ndugu wa VVU, kinachopunguza seli za T. Mwaka 2013 Andrew Moeller, Beatrice Hahn na wenzao walilinganisha sampuli za sokwe wale wale kabla na baada ya kuambukizwa. Baada ya kirusi kuingia, jamii ya bakteria tumboni iliyumba, ikawa inabadilika haraka kuliko ya wasioambukizwa. Maana yake kinga nayo huwatawala bakteria, ikidhoofika mpangilio unavurugika. Kwa hiyo ukimkuta mgonjwa wa maungio ana bakteria tofauti, huwezi kuapa kwamba bakteria ndio walioanza. Panya wa maabara wanatuonyesha kwamba bakteria wanaweza kuanza. Na kwenye baridi yabisi, kingamwili mbovu huonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole hakijauma, kwa hiyo ugonjwa unaanzia mbali na maungio. Mimi naegemea kwamba kwa wagonjwa wengi duara limekwisha kufungwa, kila upande unamchokoza mwenzake.

Jambo moja la famasia kabla ya maswali. Kuna dawa ya zamani ya baridi yabisi, salfasalazini, iliyotokana na kazi ya daktari wa Sweden, Nanna Svartz, kuelekea miaka ya 1940. Ni molekuli mbili zilizofungwa pamoja, na wanaokata kifungo hicho ni bakteria wa utumbo mpana. Bila wao inapita na kutoka bila kukatwa. Manesi, mgonjwa wa salfasalazini akiandikiwa antibayotiki, likumbukeni hilo.

Haya, maswali. Ndiyo, mzee wangu wa Ujiji. Mzee anauliza juu ya dawa ya kusafisha tumbo aliyoletewa na kijana wake. Mzee, ukuta wa utumbo unajivua na kujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, hauhitaji kufagiwa. Utakachopata ni kuhara na kupoteza chumvi. Na kama unameza methotrekseti au predinisoloni, dawa za kutuliza kinga, usiziache ili upishe hiyo. Predinisoloni iliyotumiwa muda mrefu ikikatwa ghafla, mwili unaweza kukosa homoni yake na presha ikaanguka.

Mama mwenye khanga ya kijani anauliza kama ugali wa muhogo unafaa. Unafaa, na kiporo chake kinafaa zaidi kwa bakteria, maana wanga ukipoa sehemu yake inakuwa ngumu kumeng'enywa na inawafikia wao. Lakini mama yangu, kiporo hakinyooshi kidole kilichopinda. Kula, na kliniki uende.

Dada muuguzi anasema, basi tupunguze antibayotiki kwa watoto. Za mafua, ndiyo, hazina kazi. Ila koo lenye usaha la streptokoka litibiwe kikamilifu, maana kinga ikimzoea yule bakteria vibaya inageukia vali za moyo wa mtoto, kwa kuwa baadhi ya protini zinafanana. Mtoto aliyefikia hapo atahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka.